Mwenye Kazi na Fundi wa Tovuti

Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo zamani halikuwapo katika nchi, nalo siku hizi lawagusa wengi: jinsi ya kufanya kazi kwa amani na fundi tuliyemwajiri kututengenezea tovuti. Shule zataka tovuti, vyama vya wakulima vyataka, wenye nyumba za wageni wataka, hata maseremala na washonaji wataka kuonyesha kazi za mikono yao. Lakini mara nyingi kazi hiyo huanza kwa furaha na kwisha kwa manung'uniko. Mwenye kazi asema, "Fundi ametula fedha." Fundi naye asema, "Watu hawa hawajui watakalo." Na tovuti yabaki nusu, kama nyumba isiyoezekwa.

Sisi tumeyaona mambo hayo kwa macho yetu, tena tulikuwa na hatia ndani yake. Kwa hiyo hatuandiki kama watu wasiokosea, bali kama watu waliokwisha kulipa karo ya somo hili. Tutasimulia kwanza habari yetu, kisha tutatazama mafundisho yake moja moja.

1. Habari ya kibao cha barabarani

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika halmashauri ya shule moja ndogo ya ufundi, ifundishayo useremala, ushonaji na kazi ya umeme wa nyumba. Wanafunzi walikuwa wakipungua, tukapatana kutengeneza tovuti, ili wazazi walio mbali wapate kujua ada, masomo, na siku ya kufungua shule. Tulimpata kijana mmoja, fundi hodari, mwenye adabu. Siku ya kwanza alituuliza, "Wazee wangu, tovuti hii ni kwa ajili ya nani? Naye akiifungua, mwataka afanye nini?" Tukamjibu, "Wewe ndiwe fundi. Itengeneze iwe nzuri kama za wengine." Jibu hilo lilikuwa mwanzo wa shida zetu zote.

Halmashauri ilikuwa na watu saba, na kila mmoja alikuwa na namba ya simu ya fundi. Mmoja alimwambia rangi iwe ya kijani, wa pili akataka samawati. Wa tatu akataka picha ya mwenyekiti iwe kubwa mbele ya yote, wa nne akaagiza picha hiyo iondolewe. Fundi akabadili na kubadili tena. Yeye alituomba maneno ya kuandika juu ya kila somo, pamoja na picha za karakana, nasi tukasema, "Wiki ijayo." Zikapita wiki kumi. Akaomba fungu la pili la ujira wake, mweka hazina akasema, "Hatulipi kazi isiyokwisha." Basi, kazi haikwisha kwa kuwa hatukumpa maneno, na fedha hatukumpa kwa kuwa kazi haikwisha. Mwishowe fundi akanyamaza, nasi tukanyamaza, kila upande ukiona kwamba umeonewa.

Kumbe wakati tulipokuwa kimya, siku zilikuwa zikihesabiwa. Jina la tovuti yetu lilikuwa limesajiliwa kwa barua pepe ya fundi, tena kwa mwaka mmoja tu. Nasi tulikuwa tumekwisha kulipaka kwa rangi katika kibao kikubwa kando ya barabara, na kulichapa katika barua zote za shule. Mwaka ukaisha. Habari za kulilipia jina zilipelekwa kwa fundi, si kwetu. Yeye alidhani tumemwacha na kutafuta mtu mwingine, kwa hiyo hakulipa wala hakutuambia. Baada ya miezi michache mzazi mmoja alitupigia simu, akatuuliza kwa nini tovuti ya shule yatangaza michezo ya kamari. Jina letu lilikuwa limechukuliwa na mtu tusiyemjua, wala hatukuweza kumfikia. Kibao kikafutwa, na karatasi zikachomwa. Muhula ule darasa la ushonaji halikufunguliwa, maana wanafunzi hawakutimia.

Ndipo mmoja wetu, aliyekuwa mzee kuliko wote, akaondoka kwenda kumtafuta fundi.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukushtaki, nimekuja kusikia."

Kijana akatoa simu yake, akamwonyesha barua fupi alizotupelekea, moja baada ya moja, na tarehe zake. "Mzee, mimi sikuwakimbia," akasema. "Nilingoja maneno, nikangoja fedha, hata nikaona haya kuomba tena. Lakini juu ya jina nilikosa. Ilinipasa kuwaambieni, hata ikiwa tumekosana."

Mzee akajibu, "Nasi tulikosa kabla yako, mwanangu. Uliuliza swali jema siku ya kwanza, nasi tukalipuuza. Njoo tuanze tena."

Hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike. Tazameni, hapakuwa na mwizi kati yetu. Palikuwa na watu wema ambao hawakupatana vizuri, nayo hasara ikaja ile ile.

2. Jueni mnacholipia

Mtu asiyejua anacholipia humshuku fundi kila siku. Kwa hiyo yatupasa kujua kidogo habari za asili ya tovuti. Njia hii ya kuunganisha kurasa kwa intaneti ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, mahali pa uchunguzi wa sayansi karibu na Geneva, katika nchi ya Uswisi. Aliandika shauri lake la kwanza mwaka 1989, na mwaka 1991 watu wa nje wakaanza kuitumia. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kazi hiyo ni ya watu wote, bila malipo. Ndiyo sababu hatulipi ruhusa ya kuwa na tovuti. Twalipa vitu vitatu, navyo ni jina, mahali, na kazi ya fundi.

Jina ni kama anwani ya nyumba. Halinunuliwi likawa la mtu milele, bali husajiliwa kwa muda, kama mtu akodishavyo shamba. Majina yaishiayo .com yaweza kusajiliwa kwa mwaka mmoja mpaka miaka 10. Shirika liitwalo ICANN, lililoanzishwa mwaka 1998, limeweka kanuni za majina ya namna hiyo. Kampuni ya kusajili sharti imkumbushe mwenye jina karibu mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho, na tena karibu wiki moja kabla, na tena ndani ya siku 5 baada ya siku hiyo kupita. Asipolipa, kampuni yaweza kulishika jina kwa muda usiozidi siku 45. Likiisha kufutwa, kuna siku 30 za kulikomboa kwa malipo makubwa zaidi. Kisha zafuata siku 5 za mwisho, ndipo jina lawa la yeyote alitakaye. Majina ya nchi, kama yaishiayo .tz au .ke, yana kanuni zake yenyewe, nayo yafaa kuulizwa kabla ya kusajili.

Mwaona, basi, kwamba jina letu halikupotea kwa siku moja. Lilikuwa na nafasi nyingi za kuokolewa. Lakini kila ukumbusho ulikwenda kwa mtu ambaye hatukuwa tukisemezana naye.

Mahali ni nafasi ya kuweka kurasa katika kompyuta iitwayo seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Hiyo nayo hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka. Ikiwa jina limelipwa na mahali hapakulipwa, mgeni afika penye anwani asikute nyumba.

Kazi ya fundi ni kupanga, kuchora, kuunganisha, kujaribu na kutengeneza palipoharibika. Mafundi wengi hutumia programu ziitwazo WordPress na nyingine za namna hiyo. WordPress ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2003, nayo hupatikana bure. Wako watu wasemao, "Ikiwa programu ni ya bure, kwa nini fundi atudai fedha?" Twawajibu kwamba mchanga wa mtoni nao ni wa bure, lakini ukuta haujijengi.

3. Mwenye kazi ajue analotaka

Fundi wa nguo hakati kitambaa kabla hajapima mwili wa mtu. Na fundi wa tovuti ana kipimo chake, nacho ni lile swali tulilolipuuza: ni ya nani, naye afanye nini? Kabla ya kumwita fundi, kaeni pamoja, mkaandike majibu katika karatasi moja. Sisi mara ya pili tuliandika hivi: "Tovuti hii ni ya mzazi aliye mbali, mwenye simu ndogo na fedha chache za kununua vifurushi vya intaneti. Akiifungua, apate kuona ada, masomo, na siku ya kufungua shule, kisha aweze kupiga simu kwa kugusa mara moja."

Maneno hayo machache yalimaliza mashindano yote. Picha kubwa ya mwenyekiti haikuwa na hoja tena, maana mzazi hatafuti picha ya mwenyekiti. Hata uzito wa picha ulipata kipimo. Picha moja iliyopigwa kwa simu za siku hizi yaweza kuwa na megabaiti 3 au 4, nayo fundi aweza kuipunguza iwe chini ya kilobaiti 200, isiharibike kwa macho ya msomaji. Akimwekea mzazi picha kumi zisizopunguzwa, amemla kifurushi chake kabla hajaona ada.

Tena mwonyesheni fundi tovuti mbili tatu zinazowapendeza, mkaseme kwa nini zawapendeza. Msiseme tu, "Twataka kama hii." Semeni, "Hapa twapenda kwamba namba ya simu yaonekana upesi." Fundi akijua sababu, aweza kutafuta njia iliyo bora kuliko ile mliyoiona.

4. Mapatano yaandikwe

Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wengine huona aibu kuandikiana na kijana wanayemjua, wakidhani kwamba karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Sivyo. Karatasi huulinda urafiki, maana watu wawili wema waweza kukumbuka neno moja kwa namna mbili. Si lazima mapatano yawe marefu, karatasi moja au mbili zatosha, mradi mambo haya yawemo:

Kwanza, kurasa zitakuwa ngapi, na kila ukurasa wahusu nini.

Pili, nani ataandika maneno na kuleta picha, na mwisho wake ni siku gani.

Tatu, fundi ataonyesha mchoro wa kwanza lini, na atamaliza lini, akiisha kupata vitu vyote.

Nne, mabadiliko yaliyo ndani ya ujira ni mara ngapi, na yazidiyo hapo yatalipwaje.

Tano, ujira wote ni kiasi gani, na kila fungu lalipwa wakati gani.

Sita, jina na mahali vitasajiliwa kwa jina la nani, na nani atavilipia kila mwaka.

Saba, michoro na kurasa zikiisha kulipwa ni mali ya nani.

Nane, baada ya kazi kwisha, fundi atatengeneza makosa bila malipo kwa muda gani, na atafundisha watu wangapi kuandika habari mpya.

Tisa, upande mmoja ukitaka kuacha, mambo yataachwaje.

Kila upande utie sahihi, na kila upande uwe na nakala yake. Neno likibadilika kati ya kazi, liandikwe pia, hata kwa barua pepe fupi: "Leo tumepatana kuongeza ukurasa mmoja, na ujira wake ni kadha wa kadha."

5. Kinywa kimoja

Hapana kitu kimchoshacho fundi kuliko kutumikia mabwana saba. Chagueni mtu mmoja, mwenye subira na mwenye nafasi, awe ndiye asemaye na fundi. Wengine wakiwa na neno, wampelekee huyo. Yeye ayakusanye yote, ayapime kwa ile karatasi ya kwanza, kisha ampe fundi orodha moja, na wakati mmoja. Mkihitilafiana, hitilafianeni ndani ya halmashauri, fundi asiwe mwamuzi wenu. Mwenyekiti naye asimpigie fundi usiku kumwambia, "Hilo walilosema usilifanye, fanya langu." Hayo ndiyo yaliyotuvunja mara ya kwanza.

Huyo mmoja awe na uwezo wa kukata shauri dogo peke yake. Ikiwa kila herufi yangoja mkutano wa mwezi ujao, fundi atachukua kazi nyingine ili ale, nayo kazi yenu itakuwa ya mwisho katika foleni yake. Hapo msimlaumu.

6. Maneno na picha ni kazi yetu

Wengi hudhani kwamba fundi ataandika kila kitu. Lakini fundi hajui ada zenu, wala majina ya walimu, wala sababu ya kuanzishwa kwa shule. Akiyabuni mwenyewe, mtakasirika, na akiyangoja, mtasema amechelewa. Basi, maneno yawe tayari kabla ya siku ya kwanza ya kazi, au sehemu yake iliyo kubwa. Yawe mafupi, yasahihishwe na mtu ajuaye kuandika vema, yapelekwe kwa faili moja, si vipande ishirini katika simu.

Juu ya picha, jihadharini na mambo mawili. La kwanza, msimpe fundi picha mlizozitoa katika tovuti za watu wengine. Picha ni mali ya aliyeipiga, na katika Tanzania iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilindayo kazi za namna hiyo. La pili, picha za watu, hasa za watoto, zisiwekwe bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika mwezi wa Mei 2023. Nayo hata isingalikuwapo, heshima ingalitosha kutufundisha kumwuliza mzazi kabla ya kumwonyesha mtoto wake kwa dunia nzima.

7. Jinsi ya kusema neno lisilopendeza

Siku fundi atakapoleta mchoro wa kwanza, hautapendeza wote. Hapo ndipo hekima yahitajiwa. Mtu akisema, "Mbaya, sipendi," amemwumiza fundi wala hakumsaidia. Lakini akisema, "Mzazi akifungua hapa hataona ada mpaka ateremke chini sana," amempa fundi kazi ya kufanya. Semeni shida, mwacheni fundi atafute dawa, maana dawa ndiyo mliyomwajiria. Mtu akienda kwa mganga husema palipo na maumivu, hamwamrishi dawa ya kumpa.

Tena msichanganye lililo lazima na lililo la kupenda. Namba ya simu ikikosewa, ni lazima isahihishwe. Ikiwa mmoja wenu hapendi samawati tu, hilo lapimwa kwa saburi. Msimwaibishe fundi mbele ya watu, wala msimlinganishe na mwingine. Jambo likiwa zuri, lisemeni pia. Kijana wetu alituambia baadaye kwamba katika miezi yote ile hakusikia kwetu hata "Ahsante" moja, ijapokuwa mengine aliyoyafanya yalitupendeza.

Na fundi akisema, "Hili halifai," msikimbilie kudhani ni mvivu. Mwulizeni sababu. Mara nyingi yeye ameona kitu tusichokiona, kwa mfano kwamba jambo lile litafanya kurasa ziwe nzito, au litaharibika kila programu zikibadilishwa. Kuuliza si ujinga.

8. Ujira

Ujira wa fundi ulipwe siku iliyopatanwa. Desturi iliyotufaa ni kuugawa mafungu matatu: la kwanza siku ya kutia sahihi, la pili mchoro ukiisha kukubaliwa, la tatu tovuti ikiisha kufunguliwa na funguo zote kukabidhiwa. Hivyo hakuna upande uchukuao hatari yote. Mwenye kazi hakulipa vyote kabla ya kuona, na fundi hakufanya vyote kabla ya kula.

Neno moja lafaa kusemwa waziwazi, maana ni kosa la kwetu hasa. Twapenda kusema, "Huyu ni kijana wetu, atatufanyia kwa bei ya nyumbani." Kisha twaongeza, "Tufanyie na hili dogo," na tena, "Na hili dogo." Madogo kumi ni mzigo. Kijana wa nyumbani naye alipa kodi ya chumba, anunua vifurushi, na kompyuta yake yachakaa. Ataona haya kukataa, lakini moyoni atachoka, kisha hatapokea simu. Ikiwa kweli ataka kutoa kazi yake bure, na aseme mwenyewe, tena iandikwe kuwa zawadi. Lakini sisi tusiigeuze heshima yake kuwa kamba ya kumfungia.

9. Funguo na kuagana

Nyumba ikiisha kujengwa, fundi humkabidhi mwenyewe funguo. Katika tovuti funguo ni hizi: nenosiri la mahali jina liliposajiliwa, nenosiri la mahali kurasa zilipowekwa, na nenosiri la kuandikia habari mpya. Jina na lisajiliwe tangu siku ya kwanza kwa barua pepe ya shule au ya chama, si ya fundi, wala si ya mwanachama mmoja ambaye huenda akahama au akafa. Fundi apewe ruhusa ya kuingia na kufanya kazi, lakini hati ibaki kwa mwenyewe. Ikiwa jina limekwisha kusajiliwa kwa fundi, ombeni kwa upole alihamishe. Yako maneno ya siri ya kuhamishia jina, ambayo kampuni humpa aliyelisajili, na kazi hiyo si ngumu watu wakiwa na amani.

Maneno ya siri yajulikane kwa watu wawili waaminifu, yaandikwe, yafungiwe mahali salama, yasipelekwe katika kundi la simu lenye watu wengi. Siku ya mwisho ya jina iandikwe katika kalenda ya ofisi, kama siku ya kulipa kodi. Ombeni nakala ya tovuti nzima, iwekwe mahali pengine, na nakala mpya ifanywe kila mwezi, au kila mara habari nyingi zibadilikapo. Mwulizeni fundi pia kama tovuti ina cheti cha usalama, kile kifanyacho anwani ianze kwa https. Tangu mwaka 2015 vyeti hivyo hutolewa bure na Let's Encrypt, kwa hiyo tovuti isikikose.

Ikiwa siku imefika ya kuachana na fundi, achaneni vizuri. Mlipeni lililosalia, mpokee funguo, mbadilishe maneno ya siri, mkamwandikie barua ya shukrani aitakayo kuwaonyesha wengine. Mtu akikasirika asinyamaze, maana kimya ndicho kilichotugharimu. Afadhali maneno machache magumu yasemwe mapema, kuliko kimya kirefu chenye adabu ambacho ndani yake mali yapotea.

Sisi tulianza tena na fundi yule yule. Tulichagua jina jipya, likasajiliwa kwa barua pepe ya shule, likalipiwa miaka mitano kwa mara moja. Maneno yalikuwa tayari kabla hajaanza. Kazi iliyotushinda karibu mwaka mzima ikamalizika kwa wiki sita. Siku ya kukipaka kibao tena, fundi alikuja mwenyewe, akasimama kando ya barabara karibu na mpaka rangi, akazisoma herufi za jina moja moja, asije akakosea hata moja.

Maswali ya kuzungumzia pamoja

1. Fundi alituuliza swali gani siku ya kwanza? Ninyi mngemjibuje juu ya shule au chama chenu?

2. Katika habari hii, nani alikosa, na kila mmoja alikosa nini?

3. Ikiwa chama chenu kina tovuti, jina lake limesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Siku ya mwisho ni lini? Asiyejua na aulize wiki hii.

4. "Ni kijana wetu." Neno hili laweza kuwa baraka namna gani, nalo laweza kuwa mzigo namna gani?

5. Geuzeni neno hili, "Mbaya, sipendi," liwe neno la kumsaidia fundi.